Umri na Dhamana: Lini Kijana Aachiwe Mtoto Mchanga?



Suala nililotakiwa kulisemea aghalabu hujibiwa kwa hesabu ya miaka, na sheria, ambayo haina budi kuweka mpaka mahali, imeuweka: sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 haimruhusu mtu kumwajiri aliye chini ya umri wa miaka 16, na yule amletaye binti wa miaka 14 kutoka shamba akamfanya yaya hapa Kigali, hata akimwita mpwa wake mbele ya majirani, sioni la kujadiliana naye. Lakini mpaka huo wahusu ajira, wala haukukusudiwa kutuambia kwamba kila aliyefikisha miaka 16 ana busara ya kulea. Na binti wa nyumba, ambaye huachiwa nduguye mama akienda kuuza mboga, hakuajiriwa na mtu.

Likizo ya uzazi iliongezwa mwaka 2023 kutoka wiki 12 hadi 14, jambo la kushukuriwa, ila mama huyo muuza mboga hana wa kumpa likizo hiyo. Zamani, katika nyumba za Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, arobaini, yaani siku arobaini za baada ya kujifungua, ilikuwa ngao ya mzazi, kwani mabibi walikaa naye, na msichana akajifunza pembeni mwao kabla ya kukabidhiwa chochote. Aliyepanga vyumba viwili Gisozi, mbali na mama yake na wifi zake, huwapata wapi mabibi hao?

Na kumlea mchanga ni elimu mbali na kuchezesha watoto. Katika siku zake 28 za mwanzo, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa baridi, kukataa ziwa, degedege, au pumzi zinazofika 60 kwa dakika, kila moja peke yake ni sababu ya kukimbilia kituo cha afya bila kungoja jioni. Tena mchanga aliyeugua mara nyingi halii, hunyamaza, hata yaya asiyefundishwa akamsifu kwa utulivu siku ile ile ambayo angalipaswa kupiga 912 kuitisha gari la wagonjwa. Vilevile ajue kumlaza chali, na kwamba jiko la makaa lililoingizwa chumbani kwa baridi ya masika, milango ikafungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Hayo yote hufundishika. Lisilofundishika kwa wiki moja, nami nalihesabu kuwa ndilo kipimo chenyewe, ni ujasiri wa kusema "sijui, njoo". Mwacheni kijana na mtoto nanyi mkiwa chumba cha pili, hususan saa za kilio, ambacho huzidi mpaka karibu wiki ya sita, mtazame: je, akishindwa humlaza mtoto mahali salama akatoka kuvuta pumzi na kuwaita, au humtikisa, na kumtikisa mchanga huweza kumjeruhi ubongo? Wala msisahau kwamba ujasiri huo hutegemea nyumba. Yaya aliyekatwa mshahara kwa ajili ya chupa ya chai iliyovunjika atawaambiaje kwamba mtoto aliteleza kitandani? Atanyamaza, nanyi mtaambiwa na uvimbe wa kichwa, labda usiku wa manane. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwa mwenye nyumba, na jibu la baadhi yetu, niseme bila kuficha, ni kwamba binti yu tayari na sisi hatuko tayari.

Napendekeza basi kwamba Umugoroba w'Imiryango, yaani jioni ya familia, katika kila mudugudu (kijiji) utenge kikao cha vijana na mayaya pamoja, mhudumu wa afya awepo na kipimajoto chake, na kwamba wavulana waitwe pia, maana kaka wa miaka 17 aliye likizoni nyumbani huachiwa redio na funguo, na dada wa miaka 12 akaachiwa mtoto.