Ukuta wa Bafu Usioingiza Maji
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa tuzungumze juu ya ukuta wa bafu. Labda mwingine atauliza, "Hilo nalo ni jambo la maendeleo?" Ndiyo. Vikundi vingi hutumia pesa za mzunguko kutengeneza bafu za wanachama, boma moja baada ya jingine. Bafu la kwanza likibomoka upesi, yule mama ambaye zamu yake haijafika ataanza kusita kutoa mchango. Hapo kikundi kimeingia ufa, si ukuta peke yake.

Basi tujiulize: maji huingilia wapi? Mara nyingi huingilia kwenye maungio: jiwe linapokutana na jiwe, taili na taili, na zaidi ya yote pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwa hivyo tunatafuta ukuta mmoja mzima, laini kama chungu, usio na maungio.

Sasa tuchague nini?

Taili. Zinapendeza, lakini kati yake kuna mistari. Mstari ukipasuka, maji hupita nyuma kimya kimya, na wewe hujui mpaka taili zianze kuanguka. Anayezitaka azibe kwanza ukuta ulio nyuma yake.

Rangi ya mafuta. Ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu huvimba na kubambuka. Rangi haizibi ufa.

Chokaa. Wazee wa Pwani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa ya kupigia plasta. Nendeni Gede, karibu na Malindi, mji ulioachwa miaka mia tatu na zaidi iliyopita, mtaona plasta hiyo ingali kwenye kuta. Lakini kazi yake ni ya polepole na inataka fundi anayeijua. Na ile chokaa ya kupaka nyumba iwe nyeupe si plasta, haizuii maji.

Plasta ya simiti iliyosuguliwa. Kwa wengi wetu hii ndiyo inayowezekana. Tazameni inavyofanywa:

1. Safisha ukuta, kisha ulowanishe.
2. Changanya karai 1 ya simiti na karai 4 za mchanga safi wa mto, usio na udongo. Tumia mchanganyiko huo kabla ya saa moja kwisha.
3. Paka unene wa sentimita 1 na nusu. Usisimame katikati ya ukuta ukaendelea kesho. Hapo umejitengenezea ungio.
4. Pale chini, ukuta na sakafu zisikutane kwa kona kali. Jaza kona hiyo, uizungushe kwa ubavu wa chupa.
5. Siku hiyo hiyo, plasta ingali mbichi, paka uji wa simiti tupu, usugue kwa mwiko wa chuma mpaka iwe laini.
6. Mwagilia maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7, na ukinge jua kwa magunia yaliyoloweshwa. Plasta ikikaushwa na jua hupasuka. Msiwe na haraka ya kuoga!

Mfuko mmoja wa kilo 50 hutosha takriban mita 8 za mraba. Bafu la mita 1.2 kwa 1.5, likipigwa plasta mpaka urefu wa mita 1 na nusu, huhitaji kama mita 7. Sakafu na ule uji vina simiti yake.

Na nyumba ya udongo je? Udongo hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea, na plasta huachia. Afadhali sehemu ya kuogea ijengwe kwa mawe au matofali ya simiti, mbali kidogo na ukuta wa chumba cha kulala.

Kabla ya kumlipa fundi pesa za mwisho, gongagonga ukuta kwa shilingi. Ukisikia mlio wa kitu kitupu, plasta haijashika, arudie. Kisha mwaga maji: ukuta ukibaki na madoa meusi, unakunywa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu leo hilo si fumbo.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni: Katika bafu tulizokwisha kutengeneza, ni ngapi zina ufa pale chini? Tuzizibe hizo kabla ya kuanza jipya, au la?