Amana ya Malezi: Tuwaulize Vijana Wetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu katika watoto aliotupa kuwa amana. Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa malezi mema ni kumwamulia kijana kila jambo: somo la kusoma, rafiki wa kufuatana naye, hata neno la kujibu mbele ya wageni. Akisema, "Mimi naona," hunyamazishwa. Akikosea, baba humnunia siku tatu, na mama humwambia, "Wewe ndiwe utakayeniua." Kijana huyo huonekana mtulivu. Lakini siku atakapoanguka mtihani ataificha karatasi, na mwovu atakapomshawishi hatakuwa na wa kumwambia. Tumemfunza kutuogopa, hatukumfunza kuikabili dhiki.

Na tumtazame Nabii Ibrahim, amani imshukie. Sura ya 37 ya Kurani Tukufu, As-Saffat, inatusimulia kwamba aliona ndotoni akimchinja mwanawe, na ndoto ya Nabii ni wahyi. Hata hivyo hakumkamata kijana kwa nguvu. Alimweleza aliyoyaona, kisha akamtaka rai yake. Naye kijana akajibu kwa utii na subira. Ikiwa mtoto aliulizwa katika jambo lililokwisha amriwa na Mola, sisi tuna hoja gani ya kutowauliza wetu juu ya masomo yao?

Hatusemi mipaka iondolewe. Sala isimamiwe, na mzazi ajue mtoto alipo na alio nao. Wataalamu wa malezi nao wamepambanua kati ya kusimamia mwenendo wa kijana na kuutawala moyo wake kwa lawama na kwa kumnyima mapenzi. La kwanza humlinda. La pili huandamana na huzuni na wasiwasi.

Basi leo, baada ya sala ya Isha, kila mzazi amwite kijana wake, amwulize linalomsumbua, na amsikilize mpaka amalize kabla ya kumjibu.

Mwenyezi Mungu atupe hekima ya kuwaongoza wanetu bila ya kuwavunja mioyo, na awape wao nguvu za kusimama imara siku ambazo sisi hatutakuwapo. Amin.