Mjue Kwelea Kabla Hajafika Shambani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mama mkulima kwa vikundi vya wakulima wa mtama na wimbi, baada ya palizi ya kwanza)

Nimeombwa niseme juu ya ndege. Nikajiuliza, ni nani hapa asiyejua ndege? Lakini kumfukuza ndege ni jambo moja na kumjua ni jambo lingine. Mimi nilimfukuza kwelea miaka mingi bila kumjua, na nilipata hasara. Ndiyo maana leo nataka tumjue.

Kwanza, sura yake. Kwelea ni mdogo, uzito wake ni gramu 15 hadi 20 hivi. Ukimwona siku za kawaida utasema ni shomoro tu: mgongo wa kahawia wenye michirizi na tumbo jeupejeupe. Alama yake ni mdomo. Ni mfupi, mnene, na mwekundu kama pilipili iliyoiva. Wakati wa kuzaa dume hubadilika. Uso wake huwa mweusi, ingawa wengine huwa na uso mweupe, na kichwa na kifua hupata rangi ya waridi au manjano. Jike naye mdomo wake huacha wekundu ukawa wa manjano. Kwa hivyo ukiona nyuso nyeusi na midomo ya manjano, ujue wako karibu kutaga, na kutaga kwao ni karibu na shamba la mtu.

Pili, chakula chake. Hapa wengi wetu tunakosea. Tunadhani kwelea aliumbwa ale mtama wetu. Sivyo. Chakula chake hasa ni mbegu ndogo za nyasi za porini. Mahindi yaliyokomaa hayawezi, punje ni kubwa mno kwake. Huja kwenye mtama, wimbi, mawele, mpunga na ngano wakati mbegu za nyasi zimekwisha. Mnakumbuka yaliyowapata wenzetu wa Kisumu mwezi wa Januari 2023? Ukame mrefu ulikuwa umemaliza nyasi, kwelea wakahamia kwenye mpunga. Iliripotiwa kwamba ekari 300 hivi ziliharibiwa.

Ndege mmoja si kitu. Hula na kuangusha kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Lakini hatembei peke yake. Wataalamu husema hakuna ndege wa mwituni aliye wengi kumliko duniani, na humkadiria kufika bilioni 1.5. Haya, tupige hesabu. Kundi la ndege milioni moja, gramu 10 kila mmoja, ni kilo 10,000 kwa siku. Hayo ni magunia 111 ya kilo 90. Kwa siku moja tu! Ndiyo maana ukienda mazishini asubuhi ukirudi jioni unakuta masuke matupu.

Tatu, safari zake. Kwelea hana kwao, hufuata mvua. Lakini hafuati kama ng'ombe anavyofuata majani mabichi. Wakati wa kiangazi huokota mbegu zilizoanguka chini. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu hizo huota zote pamoja, na yeye hubaki na njaa. Kwa muda mfupi hula kumbikumbi na wadudu wengine, akijiwekea mafuta mwilini. Halafu huruka, huvuka eneo lenye mvua mpya, akaenda mahali ambapo mvua ilitangulia majuma kadhaa na nyasi zimeshatoa mbegu. Baadaye hurudi nyuma, akifuata nyasi zinavyokomaa. Anaweza kuzaa mahali pamoja, akaondoka, akazaa tena mahali pengine ambapo mvua ilichelewa. Hana habari ya mpaka wa Kenya na Tanzania.

Nne, uzazi wake. Mvua ikiwa nzuri, makundi hushuka kwenye miti ya miiba au kwenye matete. Mti mmoja unaweza kubeba mamia ya viota. Dume ndiye fundi. Husuka kiota cha majani mabichi ya nyasi kwa siku mbili tatu, mviringo, mlango ubavuni karibu na juu. Jike hutaga mayai yapata matatu, yenye rangi ya samawati hafifu. Huyaatamia siku 10 hadi 12. Makinda wakianguliwa hulishwa wadudu kwanza: viwavi, panzi na kadhalika. Baada ya siku chache huanza kupewa mbegu. Wakifika kama majuma mawili wanatoka kiotani. Tangu kusuka hadi vijana kujitegemea ni kama majuma sita, na kwa kuwa wote huanza pamoja, wote humaliza pamoja. Wazazi huondoka, vijana hubaki. Hao vijana wasio na uzoefu ndio mara nyingi humaliza mashamba ya karibu.

Sasa niwaambie yangu. Mwaka mmoja mtama wangu ulikuwa kwenye maziwa, ile hali ukifinya punje inatoa maji meupe. Ndege wakaja. Nilimtoa binti yangu shule, nikampandisha ulingoni na kombeo na debe la kupiga. Nilimwambia ni siku tatu. Ikawa majuma matatu. Alikosa mtihani wa mwisho wa muhula, na mtama tulivuna nusu gunia. Tukakosa huku na huku. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Kundi lilikuwa limezaa kwenye miti ya miiba ng'ambo ya mto, tena watu walikuwa wanapita pale kila siku kuchunga mbuzi. Majuma sita! Hakuna aliyesema, kwa sababu hatukujua tunachokiona.

Kwa hivyo tufanye nini? Mosi, kila kikundi kiwaulize wachungaji wa mifugo kila juma kama wameona viota vingi, au makundi yakishuka jioni kama moshi. Habari hiyo ifike kwa chifu na kwa afisa wa kilimo mara moja, si wakati masuke yameliwa.

Pili, tupalilie vizuri. Shamba lenye nyasi zenye mbegu ni kama kuweka kibao cha hoteli njiani. Tatu, tupande kwa wakati mmoja. Anayechelewa peke yake huwalisha ndege wa kijiji kizima. Nne, tuamie kwa zamu, jirani kwa jirani. Kwelea hula sana asubuhi na tena alasiri kwenda jioni. Mchana hupumzika kivulini. Kwa hivyo watu wazima wakipeana zamu saa hizo, hakuna haja ya kumtoa mtoto shule. Tano, nafaka ikikomaa ivunwe, tusingoje.

Neno la mwisho ni juu ya sumu. Serikali ikinyunyizia, dawa iliyotumika sana kwa kwelea huitwa fenthioni. Dawa hiyo hushambulia mishipa ya fahamu, ya ndege na ya binadamu pia. Bundi na mwewe wakila mizoga nao hufa. Mwaka 2025 aina yake kali ya kunyunyizia iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam ya dawa ambazo nchi lazima iarifiwe kabla ya kuletewa. Kwelea ni nyama halali na tamu. Kule Kondoa, Tanzania, watu huwatega na kuwala. Lakini ndege uliyemwokota amekufa, au anayeyumba hawezi kuruka, usimguse, wala watoto wasimwokote. Aliyepata sumu anaweza kuruka mbali kabla hajaanguka, kwa hivyo usiseme "huku hawakunyunyizia".

Binti yangu alirudia darasa lile, akaendelea. Lakini ule mwaka haukurudi. Jioni ya leo mkifika nyumbani, muulizeni mchungaji wa mbuzi ameona nini kwenye miti ya miiba.