Haki ya Mwili wa Mtoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)





 Nimetakiwa nieleze elimu ya viungo, makuzi ya mwendo wa mtoto, na cheo cha michezo katika maisha ya watu. Najua kwamba katika majlisi hii wamo wayaonao mambo haya kuwa ni upuuzi usiofaa kusemwa mahali pa dini. Siwalaumu. Mzazi aonaye mwanawe akipitwa na Alasiri na Magharibi kwa ajili ya mpira ana haki ya kuuogopa mpira. Lakini khofu peke yake haimlei mtoto. Leo nataka tuipime kwa mizani mbili, ya dini na ya elimu.

Tuanze na dini. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.), safari moja Bibi Aisha alimshinda, na safari nyingine Mtume akamshinda yeye. Imepokewa pia kwamba Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri; na kwamba mwili una haki yake juu ya mwenye mwili huo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliagiza katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema, maana kumnyima mchezo na kumshurutisha masomo daima huufisha moyo wake, akawa anatafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoeleza namna ya kuihifadhi afya katika kitabu chake cha utabibu, aliyatanguliza mazoezi, kisha chakula, kisha usingizi. Basi jambo hili halikuletwa kwetu na wageni. Tulikuwa nalo, tukaliacha likalala.

Sasa tutazame elimu. Mtoto hukua kwa utaratibu. Nguvu humwanzia kichwani ikateremka: kwanza shingo hukaza, kisha mgongo humwezesha kuketi, kisha miguu humpa kusimama dede na kwenda tata. Tena mwendo huanzia katika viungo vikubwa ukaishia katika vidogo: bega hutangulia mkono, na mkono hutangulia vidole. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika vipimo vilivyotolewa mwaka 2006 kwa kuwatazama watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilionyesha kwamba mtoto mwenye afya huweza kutembea peke yake popote kati ya miezi 8 na miezi 17 au zaidi kidogo. Kwa hiyo mama asiwe na haraka ya kuhuzunika mwana wa jirani akimtangulia mwanawe kwa wiki kadhaa.

Lakini je, mwendo huja wenyewe, au hufundishwa? Mwaka 1957 Geber na Dean, waliokuwa Kampala, waliandika kwamba watoto wachanga wa Uganda wametangulia wale wa Ulaya katika nguvu za viungo, na wengi wakadhani ni jambo la damu tu. Mwaka 1976 Charles Super, aliyewachunguza watoto wa Wakipsigis huko Kokwet, Kenya, alitoa maelezo mengine. Watoto wale waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa sababu mama zao waliwafundisha kwa makusudi, siku baada ya siku. Katika yale wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwa na utangulizi ule. Tazameni hekima hii! Mama asiyejua kusoma alikuwa mwalimu wa mazoezi kabla ya neno hilo kuandikwa vitabuni.

Na kazi ile haikomi mtoto anapotembea. Kukimbia, kuruka, kutupa, kudaka na kusimama kwa mguu mmoja ni herufi za mwili. Mtoto asiyezisoma utotoni huona haya kucheza mbele ya wenziwe akubalehepo. Na kwa kuona haya hujitenga, na kwa kujitenga huzidi udhaifu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Shirika hilohilo la Afya lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hata pumzi imzidi. Hesabu za mwaka 2016, zilizokusanywa katika nchi 146, zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wanaosoma shule hawakufikia kipimo hicho. Kwa wavulana walikuwa 78, na kwa wasichana 85. Sasa mfikirieni mtoto wa mtaani kwetu: asubuhi ameketi shuleni, alasiri ameketi madrasa, usiku ameketi mbele ya taa au simu. Tumempa haki ya akili na haki ya roho, na haki ya mwili tumeizuia.

Nije katika jamii. Michezo ni kama moto: hupika chakula, na huunguza nyumba. Ushabiki uliokosa adabu huwagombanisha ndugu. Lakini kumbukeni mwaka 1996. Nchi yetu ilikuwa katika vita, na mitaa mingi ya mji huu iligawanyika kwa makabila, ingawa Buyenzi iliendelea kuwa mtaa wa watu waliochanganyika. Mwaka huo Burundi ilikwenda katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta. Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa dunia wa mita 1500. Aliiacha nafasi yake katika mbio hizo ili mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyemtangulia katika riadha, apate kuiona Olimpiki. Yeye akaingia mita 5000, mbio asizokuwa na uzoefu mkubwa nazo. Alishinda kwa karibu dakika 13 na sekunde 8, akapata dhahabu. Sisi Waislamu tabia ile tunaijua kwa jina lake: ni ithari, kumtanguliza mwenzio juu ya nafsi yako. Na mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, binti wa Burundi, Francine Niyonsaba, alipata fedha katika mita 800. Hakuna tena awezaye kusema kwamba mbio si za mabinti wa nchi hii.

Mabwana na mabibi, nahitimisha kwa maombi matatu.

La kwanza, kila msikiti na madrasa yenye ua, ua huo usiuzwe wala usijengwe maduka wote. Ardhi ya mji ni ghali, na kodi ya duka ni tamu. Lakini afya ya watoto ikipotea hainunuliki kwa kodi hiyo. Watoto wapewe saa moja kabla ya darasa, na adhana ikiadhiniwa mchezo ukome.

La pili, mabinti nao wapewe wakati wao na mahali pao pa stara, pamoja na mwalimu mwanamke. Stara inataka ukuta na mavazi. Haitaki binti aketi mpaka viungo vigande.

La tatu, vijana wetu waisome elimu hii kama wanavyosoma udaktari na sheria. Chuo Kikuu cha Burundi kina taasisi ya elimu ya viungo na michezo papa hapa mjini. Mwalimu aliyesoma hujua mtoto yupi apumzike na yupi ahimizwe, na hamwachi yule mnene wala yule kilema kando ya uwanja. Mwaka 1978 UNESCO ilitangaza kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu, wala si ya mwepesi wa mbio peke yake.

Miili ya watoto hawa ni amana tuliyokabidhiwa, na amana huulizwa. Namwomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuitunza, awape watoto wetu afya ya mwili na nuru ya moyo, na aujaalie mji wetu amani. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.