Picha ya Njiani: Tukate Wapi?

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na kalamu. Leo tutazungumza habari za picha zinazopigwa njiani, sokoni na stesheni, mahali ambapo watu hawakupangwa wala kuambiwa wasimame wima. Picha ya namna hiyo ikiwa na mambo mengi mno, tuikate wapi? Na tumwulize nani?

Mwaka 1932, katika mji wa Paris, Ufaransa, kijana mmoja aitwaye Henri Cartier-Bresson alikuwa nyuma ya stesheni ya gari la moshi ya Saint-Lazare. Palikuwa na ua wa mbao. Aliweka lenzi ya kamera yake penye upenyo, akapiga. Katika picha ile mtu anaruka maji yaliyotuama, na kisigino chake kinakaribia kuyagusa. Sura yake yaonekana majini kama katika kioo. Nyuma yake ukutani pana tangazo lenye picha ya mchezaji, naye anaruka vile vile! Lakini ubao wa ua uliziba upande wa kushoto, basi upande ule ukakatwa. Kama ungeachwa, macho yetu yangekwenda kwenye ubao kabla ya kumwona mrukaji.

Ajabu ni kwamba bwana huyu kwa desturi hakupenda picha zake zikatwe. Alitaka mtu aipange picha wakati ule ule wa kuipiga. Mimi nakubali nusu tu, maana njiani mara nyingi huna nafasi ya kusogea.

Sasa fanya hivi. Chukua kadi ngumu, ukate vipande viwili, kila kimoja mfano wa herufi L. Viweke juu ya picha hata vifanye dirisha. Sogeza kidogo kidogo, ndani na nje. Mtu akitembea kwenda kulia, mwachie nafasi upande wa kulia, apate pa kwenda. Usimkate kwenye kifundo cha mguu wala kiwiko, ataonekana kama kilema. Wenye simu za kamera waweza kufanya hayo kwa kidole, lakini na waitunze picha nzima pia, wasiifute.

Kuna hatari moja hapa. Tuseme umepiga picha ya askari amemshika mzee mkono. Katika picha nzima tunaona barabara na magari, kwa hiyo tunajua kwamba anamvusha. Ukiikata barabara, wanabaki askari na mzee tu, na kila atakayeiona atasema mzee amekamatwa. Mzee yule ana watoto, na ana jirani zake. Picha imekuwa nzuri zaidi pengine, lakini imemsingizia mtu.

Ndiyo sababu tunaomba maoni kabla ya kuitoa picha. Usimwulize mwenzako, “Je, ni nzuri?” Atasema ni nzuri, asikuudhi. Mpe picha, unyamaze. Kisha uliza: “Umeona nini kwanza? Hapa pana habari gani?” Andika maneno yake kama alivyosema, hata kama hukuyapenda. Halafu mwonyeshe picha nzima, umwulize kama habari imebadilika. Waulize watu watatu au wanne, na mmoja wao awe mtu asiyejua kabisa kazi ya picha. Wapiga picha husifu mwanga na vivuli. Mama muuza vitumbua atakuuliza mtoto yule amekwenda wapi. Na ikiwa waweza kumpata mtu aliye ndani ya picha, mwulize yeye kabla ya wote.

Kwa kazi ya nyumbani, tafuteni picha moja katika gazeti. Ifunikeni nusu kwa kadi zenu, mwandike sentensi moja juu ya mnayoyaona. Kisha ifunueni, mwandike sentensi ya pili. Mwalimu atazisoma zote mbili mbele ya darasa.