Muuguzi Mpya Atafutapo Kazi



Tumeombwa tuseme machache juu ya vijana wetu watokao katika vyuo vya uuguzi, nasi tumekubali, ijapokuwa sisi si waganga wala wauguzi. Sisi ni makarani. Walakini karani ndiye apokeaye barua ya muuguzi kabla mtu mwingine hajaiona, naye ndiye aiwekaye katika jalada, au asiyeiweka. Kwa hiyo tuliona si vibaya neno hili likitoka kwetu.

Wengi katika ninyi mnaye binti, au mdogo wenu, au mtoto wa jirani, aliyesoma miaka mitatu akapata stashahada ya uuguzi na ukunga. Siku ya mahafali mlichinja. Baadaye akafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapata usajili na leseni, na nyumba nzima ikadhani kwamba kazi imekwisha patikana. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, mwaka ukapita. Ndipo watu wa mtaani waanzapo kuuliza: huyu alifaulu kweli? Twasikia kila siku kwamba zahanati hazina wauguzi wa kutosha, naye yu nyumbani achota maji. Yawezekanaje?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika masijala zetu. Kiti kitupu katika zahanati si nafasi ya kazi. Nafasi ya kazi huanzia katika karatasi: halmashauri huandika mahitaji yake katika ikama, huomba fedha za mishahara katika bajeti, kisha huomba kibali Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kikitoka, na aghalabu idadi yake huwa pungufu ya iliyoombwa, ndipo tangazo huandikwa, mara na TAMISEMI, mara na Sekretarieti ya Ajira. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 hata 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kuta zilijengwa mahali pengi. Watu wa kukaa ndani yake walichelewa. Mwaka 2016 ajira zilisimamishwa ili watumishi hewa watafutwe, na mwezi Aprili 2017, huko Dodoma, ikatolewa taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za afya, na mwaka 2023 nafasi 8,070. Hizo ni za kada zote za afya, si za wauguzi peke yao, tena kwa nchi nzima. Basi mzazi asimhesabie mtoto wake uvivu.

Sasa liko jambo moja tuliungamalo mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja tuliyofanya kazi, alikuwa akija binti muuguzi kila mwanzo wa mwezi. Alikuwa akijitolea katika zahanati ya kijiji kilicho ng'ambo ya mto, hana mshahara ila nauli, na mara nyingine hata nauli hapati. Alituamkia, "Shikamoo, kaka," nasi tukaitika, "Marahaba, mdogo wetu, bado." Neno hilo "bado" tulilisema mara nyingi hata likawa jepesi kinywani mwetu. Siku moja tangazo likatoka. Akaja mbio na bahasha yake, akatuomba tuvitazame vyeti kabla hajavituma kwa mtandao. Ilikuwa saa tisa na nusu, nasi tulikuwa twafunga ofisi. Tukavipindua kama mtu apinduavyo kurasa za kalenda, tukasema, "Viko sawa."

Havikuwa sawa. Katika cheti cha kuzaliwa jina lake la kwanza lilikuwa na herufi h. Katika cheti cha kidato cha nne herufi hiyo haikuwamo. Akaitwa kwenye usaili. Baba yake akauza mbuzi wawili, maana msailiwa hujigharimia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Naye akasafiri usiku kucha. Penye meza ya uhakiki akaulizwa hati ya kubadili jina. Hanayo. Akarudishwa bila kuuona mtihani. Hatuwalaumu waliomrudisha, kwa kuwa tangazo la kuwaita lilisema wazi kwamba ambaye majina yake hayalingani alete hati hiyo, na tangu mwaka ule wa 2017 hapana mhakiki apendaye kufumba macho. Lawama ni yetu sisi tulioshika vyeti vile mikononi, tena sisi tulioijua kanuni, na yeye hakuijua.

Alingoja karibu miaka miwili mingine. Zahanati ile ilikuwa na mtumishi mmoja tu wa serikali, na siku mtumishi huyo aendapo mjini kwa ajili ya dawa, binti alibaki peke yake na wajawazito: leseni anayo, cheo hana. Hati ikaandikwa na wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka. Nusu ya gharama tulilipa sisi, na hatusemi hivyo ili tusifiwe. Tangazo lilipotoka tena alikuja kama zamani, akatuamkia, akavipanga vyeti vyote mezani, kisha akasema, "Kaka, safari hii visome." Tukavisoma herufi kwa herufi. Leo ameajiriwa.

Kwa hiyo kijana amalizapo chuo, kazi yake ya kwanza ni kulinganisha majina yake katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo, usajili wa Baraza na kitambulisho cha taifa. Afanye hivyo kabla ya tangazo, si baada yake, maana siku za tangazo ni chache na wakili hana haraka. Karatasi ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Leseni iliyokwisha muda ni kama haipo. Barua ya maombi itiwe sahihi; mtacheka, lakini barua zisizo na sahihi tumeziona nyingi. Tena isiwe barua ya kilio. Wako waandikao ukurasa mzima juu ya uyatima na madeni, na jina la kazi waiombayo hawalitaji. Twawahurumia, lakini huruma haina safu yake katika jedwali la usaili.

Na yule apigaye simu akisema kwamba jina limepita, zimebaki shilingi laki tatu za "kufungua jalada", ni mwizi. Jalada hufunguliwa na karani, bure.

Liko pia la hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi. Baadhi ya wazee huona haya mtoto akienda huko, wakidhani kazi ni ya serikali tu. Sisi hatukubaliani nao. Hospitali hizo hazingoji kibali cha Utumishi kwa watu ziwaajirio zenyewe, na muuguzi aliyeshika wodi mwaka mzima huingia kwenye usaili na mkono uliozoea. Aende mwenyewe kwa Muuguzi Mkuu na barua yake, amevaa nadhifu, asubuhi. Ila aombe mkataba wa maandishi, na aulize habari za NSSF: michango yote ni asilimia 20 ya mshahara, na akatwacho mfanyakazi kisizidi nusu yake. Akijibiwa kwamba mambo hayo yatazungumzwa baadaye, afikiri mara mbili.

Akipangiwa mbali, aende. Asiyeripoti kwa siku alizopewa hupoteza nafasi yake, na mwingine huwekwa.

Bwana Mwenyekiti ameturuhusu kutangaza ya kwamba, tangu mwezi ujao, makarani wawili watakaa katika chumba hiki kila Jumamosi ya kwanza, saa nne hata saa saba, kusoma vyeti vya vijana wenu. Hapana malipo. Waleteni na vyeti halisi, si nakala, na tafadhali wasije saa saba kasoro dakika tano.