Hukumu ya Kifo kwa Majirani Zetu



Mtu anapopatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hapa Tanzania, kazi ya jaji huwa imekwisha. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwamuru kutoa adhabu moja tu, nayo ni kifo. Isipokuwa kwa mwanamke mjamzito, na kwa mtu aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18, jaji hana hiari yoyote. Ikiwa utetezi wa kujihami au wa kughadhibishwa umekataliwa, basi muuaji aliyekodiwa kwa fedha na mke aliyepigwa kwa miaka mingi hata siku moja akashika mchi, wote wawili watasimama kizimbani na kusomewa maneno yale yale.

Kifungu hicho hatukukitunga sisi. Kililetwa na Waingereza, na yapata mwaka 1930 kiliandikwa kwa maneno yanayofanana katika kanuni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Waingereza wenyewe walianza kukipunguza nguvu kwao mwaka 1957, na mwaka 1965 wakaacha kabisa kunyonga kwa kosa la kuua. Makoloni yao ya zamani yakabaki nacho. Kwa hiyo tunapotazama mahakama za jirani hatutazami mambo ya kigeni. Tulianzia ukurasa mmoja.

Tuanze na Malawi. Mwaka 2007, katika shauri la Kafantayeni, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima inapingana na Katiba, kwa kuwa inamnyima mshtakiwa haki ya kusikilizwa katika jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani adhabu yenyewe. Lakini tamko la mahakama halifungui mlango wa gereza. Wafungwa walio wengi hawakuanza kurudishwa mbele ya majaji hadi mwaka 2015. Waliporudishwa, ndipo majaji walipoelezwa kwa mara ya kwanza habari za ugonjwa wa akili, ulevi, umri mdogo na ugomvi wa nyumbani, na wafungwa wengi wakapunguziwa adhabu au wakaachiliwa huru.

Uganda ilikwenda hatua moja mbele zaidi. Huko, mwaka 1999, watu 28 walinyongwa katika gereza la Luzira. Wenzao waliobaki wakisubiri zamu yao walifungua shauri, na mwezi Januari 2009 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu katika shauri la Susan Kigula na wenzake 417. Mahakama haikuifuta adhabu ya kifo. Iliondoa ulazima wake. Kisha ikaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote: mfungwa ambaye rufani yake ya mwisho imeshindwa, na ikapita miaka mitatu bila kunyongwa wala kusamehewa, adhabu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha. Majaji walikubali kwamba kumweka mtu miaka na miaka akisikiliza nyayo za askari magereza kila alfajiri ni adhabu nyingine, ambayo hakuna sheria iliyoitaja. Kigula mwenyewe, aliyesomea sheria akiwa gerezani, alisikilizwa upya, akapewa kifungo cha miaka 20, na akatoka mwaka 2016.

Kenya ilipita njia yenye kona nyingi. Haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, hata hivyo hukumu za kunyongwa ziliendelea kutolewa kwa maelfu, kwa sababu sheria yake huwaadhibu hivyo hata wanyang'anyi wa kutumia nguvu. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwageuzia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000, wakawa wa kifungo cha maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema ulazima haufai. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikasema unafaa. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, ikaubatilisha. Mahakama za chini zikaichukua hukumu hiyo na kuitumia pia kwa unyang'anyi na makosa mengine, hadi mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilipobidi kueleza kwamba ilizungumzia kosa la kuua peke yake. Katika maelezo hayo iliwatajia majaji mambo ya kupima, yakiwamo majuto ya mkosaji, na pia maumivu yaliyoipata familia ya marehemu. Hilo la mwisho si dogo. Chini ya sheria ya lazima, mjane wa marehemu naye hana la kumweleza jaji kuhusu adhabu.

Majirani wengine wamefuata njia zao. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, Burundi mwaka 2009, Zambia mwaka 2022. Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, kinyume chao, ilitangaza mwaka 2024 kuondoa usitishaji wa kuua wafungwa uliodumu tangu 2003.

Na sisi? Tanzania haijatekeleza hukumu ya kifo tangu mwaka 1994. Mwaka huo huo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mbushuu, aliitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni adhabu ya kikatili na yenye kudhalilisha, lakini ikaona kwamba Katiba inairuhusu, na kwamba ni juu ya jamii, wala si mahakama, kuamua kama bado inahitajika. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliona kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha sheria.

Kinachodaiwa katika hukumu hiyo ya Arusha si kuifuta adhabu ya kifo. Ni kumruhusu jaji aliyesikiliza mashahidi wote, aliyemwona mshtakiwa kwa macho yake, aamue ni adhabu ipi inayomstahili. Mamlaka hayo anayo tayari kwa mtu aliyeua bila kukusudia. Kumpa kwa kosa la kuua kwa kukusudia kunahitaji Bunge libadili maneno machache katika kifungu cha 197.